Kipepeo anayemaliza majani ya ndimu
Miche ya machungwa ao ndimu ikiliwa majani kwenye pepinyeri, mharibifu anaweza kuwa mtoto wa kipepeo. Wataalamu wanamuita Papilio demodocus: ni mkubwa, mweusi, ana madoa ya njano, na mabawa yake hayana mkia.

Jike anaonja jani kwa miguu, kisha anataga yai moja moja kwenye majani machanga. Yai ni dogo, la mviringo, njano hafifu. Kiwavi mchanga anafanana na mavi ya ndege, ndiyo maana watu wanamupita tu. Akikomaa anakuwa kijani. Ukimugusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali.

Mti mkubwa unavumilia, lakini mche unaweza kubakia vijiti. Mbele ya kununua dawa, pitia majani machanga, utoe mayai na viwavi kwa mkono.