Kifaa kinasema 3.2, kidole kinasema 5.8: Mzazi aamini kipi?

Saa nane usiku simu ya mama inapiga kelele. Kifaa kilichobandikwa mkononi mwa mtoto wake kimetuma taarifa kwamba sukari imeshuka hadi 3.2. Anakurupuka, anawasha taa na kukoroga sukari kwenye maji. Kabla ya kumwamsha mtoto, anamchoma kidole. Mashine inasoma 5.8.

Aamini kipi? Akiifuata namba ya kwanza na kumbe si ya kweli, atamnywesha mtoto sukari asiyoihitaji na asubuhi kipimo kitakuwa juu. Akiipuuza na kumbe ni ya kweli, mtoto anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu usingizini.

Wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza wanaotumia vifaa vya kupima sukari mfululizo, kama FreeStyle Libre na Dexcom, hukutana na swali hili mara kwa mara. Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2022 unaelekeza kwamba kila mtoto mwenye aina hiyo ya kisukari apewe kifaa cha namba hii. Afrika Mashariki, familia nyingi zinazokitumia hukinunua kwa fedha zao, na wengi hukipata bila mtu wa kuwaelekeza kwa kina namna ya kukisoma.

Havipimi sehemu moja

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba vipimo hivi viwili havigusi kitu kimoja. Ukimchoma mtoto kidole, unapima sukari iliyo kwenye damu. Kihisi, yaani kile kidude cha mviringo kinachobandikwa juu ya kiwiko au tumboni, kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari iliyo kwenye majimaji yanayozunguka seli.

Fikiria shamba la mpunga. Maji yakifunguliwa, mfereji hujaa kwanza, jaruba hufuata. Damu ndiyo mfereji, na majimaji ya chini ya ngozi ndiyo jaruba. Kwa kawaida jaruba huchelewa kwa takriban dakika 5 hadi 10.

Sukari ikiwa imetulia, ucheleweshaji huo hauonekani na namba mbili hukaribiana. Tatizo huja inapopanda au kushuka kwa kasi, mfano mtoto akiwa anacheza mpira au amemaliza kula wali. Sukari ikishuka kwa 0.1 kila dakika, kihisi kinaweza kuonyesha 5.2 wakati damu imeshafika karibu 4.2. Ndiyo maana mshale unaoonekana pembeni ya namba una uzito sawa na namba yenyewe. Namba 5.2 yenye mshale wa kulala ni habari njema. Namba hiyohiyo yenye mshale unaoelekea chini ni onyo.

Kila kimoja kina kosa lake

Wazazi wengi huichukulia mashine ya kidole kuwa hakimu asiyekosea. Sivyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu ya mashine yasitofautiane na kipimo cha maabara kwa zaidi ya asilimia 15, au kwa zaidi ya 0.83 sukari ikiwa chini ya 5.55. Kwa hiyo sukari halisi ikiwa 10, mashine iliyopita mtihani inaweza kusoma 8.5 au 11.5.

Vihisi vya kisasa, kwa wastani, hutofautiana na kipimo cha maabara kwa asilimia 8 hadi 10. Huo ni wastani tu, yaani zipo nyakati ambapo tofauti huwa ndogo na nyakati ambapo huwa kubwa zaidi. Ukiviweka vipimo viwili pamoja, kimoja kikiwa kimepanda kidogo na kingine kimeshuka kidogo, ni rahisi kupata 11 huku na 9 kule bila kifaa chochote kuharibika.

Kanuna inayotumiwa na watumiaji wengi ni ya ishirini. Sukari ikiwa juu, kihisi kisipishane na kidole kwa zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo kidole kikisoma 10, kihisi kiwe kati ya 8 na 12. Ikiwa chini, karibu na 4, tofauti isizidi 1.1. Ikizidi, osha mikono, rudia kupima, na uangalie kama sukari iko kwenye mwendo. (Kwa wanaotumia mashine za mg/dL, zidisha namba hizi kwa 18.)

Kihisi kinapodanganya

Zipo nyakati zinazojulikana. Ya kwanza ni saa 12 hadi 24 za mwanzo baada ya kubandika, kabla ngozi haijatulia.

Ya pili ni usiku. Mtoto akiulalia mkono wenye kihisi, sehemu ile hukandamizwa na kifaa huonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Huenda ndicho kilichomwamsha mama wa saa nane. Dalili yake ni namba kuporomoka ghafla, kisha kurudi juu mtoto akigeuzwa upande.

Ya tatu ni dawa. Parasetamoli huvuruga baadhi ya vihisi, na vitamini C kwa viwango vikubwa huvuruga vingine. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi lako, kwa sababu kila aina ina masharti yake.

Kidole nacho kinaweza kudanganya

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mtu aliyemenya tunda na kupima bila kunawa hupata namba ya juu isiyo ya kweli, hata akifuta kidole kwa spiriti. Mtoto aliyetoka kula embe au chungwa, basi, anawe kwa maji na sabuni na akaushe mikono kwanza.

Stripu nazo zina masharti. Nyingi zinatakiwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, na mchana wa Februari jijini Dar es Salaam hupita hapo. Zikiachwa ndani ya gari, kopo likikaa wazi, au muda wake ukipita, majibu hayaaminiki.

Wakati wa kuchoma kidole

Ukiwa na kihisi, kidole bado kina kazi yake. Choma pale dalili za mtoto zinapopingana na namba, kwa mfano anatetemeka, anatoka jasho au amekasirika bila sababu huku kihisi kikisema 6. Choma siku ya kwanza ya kihisi kipya, na pale kifaa kinapoonyesha namba bila mshale au mshale bila namba.

Choma pia baada ya kutibu sukari iliyoshuka. Hapa wazazi wengi huteleza. Sukari ikiwa chini ya 3.9, miongozo ya kimataifa inashauri takriban gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 anahitaji gramu 9, zaidi kidogo ya vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Baada ya dakika 15 damu inaweza kuwa imeshapanda huku kihisi kikiwa bado nyuma. Mzazi anayeangalia simu pekee hushikwa na hofu, huongeza juisi, kisha soda, na baada ya saa moja sukari iko 15.

Mkiwa na shaka na hakuna stripu karibu, mtibu mtoto kama aliyeshukiwa. Sukari iliyopanda kidogo inarekebishika. Asiyejitambua asiwekewe kitu mdomoni, awahishwe hospitali.

Kwa familia isiyo na uwezo wa kununua kihisi, kidole kilichonawishwa na stripu iliyotunzwa vizuri bado ni kipimo cha kuaminika. Kinachokosekana ni yale yanayotokea katikati. Kifaa kinachosoma kila dakika 5 hutoa namba 288 kwa siku, wakati kidole hutoa nne au tano. Basi zichagueni vizuri: kabla ya kula, kabla ya kulala, baada ya michezo, na usiku wa manane pale mchana ulipokuwa na mbio nyingi.