Kimbunga Otis: Njia Ilijulikana, Nguvu Haikujulikana

Ufuatiliaji wa kimbunga kinachokaribia pwani ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, yaani kubashiri kitapita wapi na kubashiri kitafika na nguvu kiasi gani, na ingawa ile ya kwanza imepiga hatua kubwa tangu setilaiti zianze kutumika, ya pili bado huwatoa jasho wataalamu, kama ilivyodhihirika katika pwani ya Pasifiki ya Mexico mwezi Oktoba 2023.

Tarehe 24 ilipoanza, Otis ilikuwa bado dhoruba ya kitropiki, yaani mfumo wa upepo unaozunguka ambao kasi yake haijafikia kilomita 119 kwa saa, na modeli nyingi za kompyuta hazikuonyesha hatari kubwa. Alasiri, ndege ya jeshi la anga la Marekani ilipopenya hadi kwenye jicho, sehemu tulivu iliyo katikati ya kimbunga, vipimo vilionyesha nguvu iliyozidi sana makadirio ya setilaiti. Ndege za aina hii hudondosha bomba jepesi lisilofikia urefu wa nusu mita, lenye parachuti ndogo, ambalo likishuka hutuma kwa redio habari za joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa mpaka linapozama baharini. Na kadiri mgandamizo wa katikati unavyopungua, ndivyo hewa ya pembeni inavyovutwa kwa kasi zaidi.

Otis ilikuwa ndogo kwa umbo, na vimbunga vidogo hubadilika upesi, tena ilipita juu ya maji yenye joto la takriban nyuzi 30, ambayo mvuke wake ukipanda na kugeuka mawingu huachia joto linalokichochea kimbunga. Ongezeko la kilomita 55 kwa saa ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa la haraka. Otis iliongeza takriban 185. Muda mfupi baada ya saa sita usiku iliingia nchi kavu karibu na Acapulco, mji wenye wakazi zaidi ya laki sita, ikiwa na upepo wa kilomita 260 kwa saa, na watu wasiopungua 50 wakafa. Inaumiza kufikiri kwamba wakazi hao walipata saa chache tu za kujiandaa.

Hata hivyo, Acapulco ilipata angalau ndege moja. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna ndege zinazorushwa kwa kawaida kupima vimbunga, hivyo kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio jirani na mpaka wa Tanzania, tarehe 25 Aprili 2019, wataalamu wa kituo cha utabiri wa vimbunga kilichoko kisiwa cha Réunion walitegemea zaidi picha za setilaiti, wakikadiria nguvu yake kutokana na umbo la mawingu.