Kidole gumba kikivimba baada ya kuanguka, kisikandwe

Mhudumu wa bodaboda anapoanguka akiwa ameshika usukani, mara nyingi kidole gumba ndicho hubeba pigo. Shina lake huvimba, na kubana kitu huwa ni maumivu. Wengi husema "kimeteguka tu", kisha huenda kukandwa.

Huenda mfupa umevunjika pale kidole gumba kinapokutana na kifundo cha mkono. Madaktari huuita mvunjiko wa Bennett, kwa jina la daktari mpasuaji wa Dublin, Ireland, aliyeueleza mwaka 1882. Ubaya wake ni kwamba ufa huingia ndani ya kiungo: kipande kidogo hubaki mahali pake, huku kano zikiivuta kando sehemu kubwa ya mfupa. Kukanda huweza kuvitenganisha zaidi. Mfupa ukiunga vibaya, kiungo husagika mapema na hata kufungua kifuniko cha chupa huwa shida.

Aliyeumia avue pete mapema, ainue mkono, aweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kisha aende hospitali yenye eksirei. Zahanati nyingi hazina.

Vipande vikiwa vimeachana, daktari huvirudisha na kuvishikilia kwa vyuma vyembamba. Plasta hukaa takriban wiki 4 hadi 6, muda mrefu kwa anayetegemea pikipiki kwa riziki, lakini kuikata nyumbani ni kuanza upya. Vidole vingine vichezeshwe tangu mwanzo. Gumba lisubiri ruhusa ya daktari. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, mgonjwa arudi hospitalini siku hiyo hiyo.