Neno 'mpya' kwenye risiti lina thamani ya fedha

KATIKA maduka ya kompyuta ya Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, mnunuzi hukutana na bidhaa za aina tatu: mpya kutoka kiwandani, mtumba ulioletwa kama ulivyo, na zile zilizokarabatiwa, ambazo wauzaji wenyewe huziita 'refabishi'. Kila aina ina wateja wake na bei yake. Matatizo huanza pale refabishi inapowekwa ndani ya boksi jipya, ikavishwa nailoni na kuuzwa kwa bei ya aina ya kwanza.

Kompyuta iliyokarabatiwa si bidhaa mbovu. Nyingi hutoka katika ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ambako makampuni hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache. Fundi huisafisha, hufuta kumbukumbu za mwenye mali wa kwanza, hubadilisha diski au betri ikibidi, huipima, kisha huirudisha sokoni. Ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake, haimdanganyi mtu. Kwa mwenye mtaji mdogo inaweza hata kuwa uamuzi mzuri zaidi kuliko kununua mpya ya daraja la chini.

Hasara huja pale jina linapobadilishwa. Tuchukue mfano wa mwenye duka la stesheni anayenunua kompyuta tano kwa sh. 1,200,000 kila moja, akiambiwa kuwa ni mpya. Ametoa sh. 6,000,000. Kama mashine za aina hiyo zilizokarabatiwa zinauzwa sh. 700,000, mfanyabiashara huyo amepoteza sh. 2,500,000 kabla hajachapa hata barua moja.

Hesabu haiishii hapo. Alipanga mashine hizo zimtumikie miaka mitano, yaani gharama ya sh. 1,200,000 kwa mwaka. Zikichoka baada ya miaka mitatu, gharama inapanda hadi sh. 2,000,000 kwa mwaka. Kama fedha ni za mkopo, marejesho yanaendelea wakati mashine zimekwisha kuzimika.

Sheria inasemaje

Mnunuzi wa Tanzania Bara ana ngao mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Sheria hii inaweka sharti ambalo halihitaji kuandikwa: bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Neno 'mpya' ni sehemu ya maelezo. Mashine iliyokwisha kutumika hailingani nalo, hata kama inawaka vizuri na haina mkwaruzo wowote.

Ngao ya pili ni Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Kifungu cha 16 kinakataza mtu yeyote katika biashara kueleza kwa uongo kuwa bidhaa ni mpya, au kudanganya juu ya historia yake na matumizi yake ya awali. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya ushindani na kumlinda mlaji.

Ikithibitika kuwa muuzaji alijua na akadanganya kwa makusudi ili apate fedha, suala linaweza kuvuka mpaka wa madai na kuwa jinai. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinahusu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu.

Wauzaji wengi hujikinga kwa kibao kinachosema 'Mali ikishauzwa hairudishwi'. Kibao hicho kinaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo kwa sababu hakupenda rangi. Hakiwezi kuhalalisha maelezo ya uongo. Aliyeuza refabishi akasema ni mpya hajakabidhi ile bidhaa iliyokubaliwa, na katazo la kifungu cha 16 halifutwi kwa maneno yaliyobandikwa ukutani.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo humtaka mnunuzi awe mwepesi. Akigundua kasoro na kuendelea kutumia mashine kwa muda mrefu bila kulalamika, anahesabiwa kuwa ameipokea. Akifikia hapo, haki ya kuirudisha na kudai fedha zote hupotea, na kinachobaki ni kudai fidia, ambayo kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani ya bidhaa aliyoahidiwa na ile aliyopewa. Katika mfano wa duka la stesheni, tofauti hiyo ni sh. 500,000 kwa kila mashine.

Muuzaji naye akidanganywa

Wapo wauzaji wanaosema, 'Hata mimi nimeletewa hivyo na msambazaji.' Mara nyingine husema kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2025 soko la Ulaya lilikumbwa na suala la diski za Seagate zilizouzwa kama mpya wakati zilikuwa zimetumika. Baadhi yake zilikuwa zimefanya kazi kati ya saa 15,000 na saa 50,000. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski iliyofanya kazi saa 50,000 imewashwa kwa zaidi ya miaka mitano na nusu mfululizo. Kumbukumbu za kawaida za diski hizo zilikuwa zimefutwa ili zisomeke kama hazijawahi kutumika. Ukweli ulipatikana katika kumbukumbu nyingine za ndani, ambazo waliofuta hawakuzigusa. Miongoni mwa waliouza walikuwamo wafanyabiashara wenye majina mazuri, ambao nao walipelekewa mzigo huo na watu waliowatangulia.

Ujanja huu una umri mrefu. Mwaka 1995 huko Marekani, kampuni ya Compaq iliishtaki mshindani wake, Packard Bell, ikidai kuwa inaweka vipuri kutoka katika mashine zilizorudishwa na wateja ndani ya kompyuta zinazouzwa kama mpya. Packard Bell ilijitetea kuwa utaratibu huo ni wa kawaida katika biashara hiyo. Mvutano haukuwa juu ya vipuri kuwa vizima au vibovu. Ulikuwa juu ya mnunuzi kuambiwa au kutoambiwa.

Kwa mfanyabiashara wa hapa nchini, fundisho ni zito. Chini ya Sura ya 214, kutojua hakumwokoi muuzaji. Mkataba wa mteja ni kati yake na duka alilonunulia, si kati yake na msambazaji wa Dubai au Guangzhou. Muuzaji atamrudishia mteja fedha zake kwanza, kisha ndipo ageuke kumdai aliyemletea.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Mtu anayenunua mali ili aiuze tena hahesabiwi kuwa mlaji katika Sheria ya Ushindani. Kinga zilizowekwa kwa ajili ya mlaji hazimhusu moja kwa moja, na silaha yake kubwa ni mkataba na Sura ya 214. Ndiyo maana hati ya oda na ankara kutoka kwa msambazaji lazima zitaje kuwa mzigo ni mpya, haujatumika wala kukarabatiwa. Ankara inayosema 'kompyuta, vipande 50' haimsaidii mtu.

Namna ya kuichunguza

Uchunguzi wa awali hauhitaji fundi na unaweza kumalizika dukani, kabla ya malipo.

Kwanza, linganisha namba ya mashine, yaani siriali, iliyoandikwa kwenye boksi, iliyobandikwa chini ya mashine na inayoonekana ndani ya BIOS mashine inapowashwa. Zote zinapaswa kuwa moja. Namba zikitofautiana, boksi hilo lilikuwa la mashine nyingine.

Pili, ingiza namba hiyo katika ukurasa wa intaneti wa mtengenezaji. Dell, HP na Lenovo huonyesha hali ya dhamana ya mashine, ambayo wauzaji wengi huiita waranti. Dhamana iliyokwisha miaka miwili iliyopita ni swali ambalo muuzaji lazima alijibu. Lakini mnunuzi asikimbilie kutoa hukumu, kwa kuwa mashine iliyokaa ghalani bila kutumika nayo inaweza kuwa imeanza kuhesabiwa dhamana. Hiyo bado ni mpya, ingawa mnunuzi ana sababu ya kuomba apunguziwe bei.

Tatu, kwa kompyuta ya mkononi inayotumia Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa ya betri. Taarifa hiyo huonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa, uwezo wake wa sasa na, kwa mashine nyingi, idadi ya mizunguko ya kuchaji. Mashine mpya huwa na mizunguko michache sana. Ikionyesha mizunguko 400, kuna mtu aliyeitumia.

Nne, programu za kusoma hali ya diski, kama CrystalDiskInfo, huonyesha saa ambazo diski imewashwa. Kama suala la mwaka 2025 lilivyoonyesha, saa hizo zinaweza kufutwa. Kwa hiyo namba kubwa ni ushahidi dhidi ya muuzaji, lakini namba ndogo peke yake haimsafishi.

Tano, soma stika ya Windows. Mashine zilizokarabatiwa chini ya mpango wa Microsoft hubandikwa leseni inayotaja wazi kuwa ni ya kompyuta zilizokarabatiwa. Alama ya gundi mahali ambapo stika imebanduliwa nayo inafaa kuulizwa, sawa na skurubu zenye mikwaruzo na chaja isiyo ya kampuni iliyotengeneza mashine.

Uchunguzi huu una faida nyingine. Sheria haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro za ubora ambazo angeziona kwa ukaguzi alioufanya mwenyewe. Aliyekagua kwa macho nusu hujinyima sehemu ya haki zake.

Hatua za kuchukua

Ushahidi hujengwa siku ya kununua. Mnunuzi adai risiti ya mashine ya EFD, pamoja na ankara inayotaja modeli, namba ya mashine, muda wa dhamana na neno 'mpya'. Muuzaji mwenye mali safi hana sababu ya kukataa kuliandika. Anayelitamka mdomoni na kukataa kuliandika amekwisha kujibu swali.

Anayegundua baadaye aache kuitumia mashine na aifanyie nakala za picha: namba, taarifa ya betri, saa za diski na ukurasa wa dhamana. Kisha amwandikie muuzaji barua fupi, akieleza alichoahidiwa, alichokuta na anachotaka: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa mashine au kulipwa tofauti ya bei. Aweke tarehe ya mwisho ya kujibiwa, na abaki na nakala iliyosainiwa na muuzaji. Ujumbe wa simu unafaa kuongezea, lakini barua ndiyo inayoonyesha kuwa mnunuzi alikataa mali mapema.

Muuzaji asipojibu, malalamiko hupelekwa FCC pamoja na vielelezo hivyo. Madai ya fedha hupelekwa mahakamani. Pale panapoonekana udanganyifu wa makusudi, Polisi.

Wanaovuka mpaka kununua Nairobi wana utaratibu mwingine. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mtumiaji, Na. 46 ya mwaka 2012, inataja waziwazi kuwa kuiita bidhaa mpya wakati imetumika au imekarabatiwa ni mwenendo usio wa haki. Mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka mmoja tangu alipoingia mkataba huo. Mahakama ya Madai Madogo ya nchi hiyo husikiliza madai yasiyozidi sh. 1,000,000 za Kenya, na sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 60.

Kwa upande wa wauzaji, hesabu ni rahisi. Duka linalopata sh. 500,000 zaidi kwa kuficha neno 'refabishi' limejiwekea deni linaloweza kudaiwa siku yoyote mteja atakapowasha programu ya kusoma betri. Duka linaloandika 'imekarabatiwa, dhamana miezi sita' hupata faida ndogo kwa kila mashine, lakini fedha hiyo ni yake moja kwa moja, na mteja wa kompyuta moja anaweza kurudi kununua kumi.

Mnunuzi naye akumbuke kuwa bei ya mashine mpya hulipia vitu viwili, mashine yenyewe na upya wake. Kabla ya kutoa fedha, ahakikishe kuwa vyote viwili vimeandikwa kwenye risiti.