Muuzaji wa Toi na Kawangware asiiache sauti yake nje ya video

Kwa muuza mitumba wa Nairobi, neno 'kamera' lina maana mbili. Ya kwanza ni ile tuijuayo sote: chombo cha kupigia picha. Ya pili ni ya sokoni: nguo bora zinazochaguliwa mwanzo kabisa robota linapofunguliwa. Mteja mzoefu hufika mapema na kuuliza, "Kamera ziko?" Makala haya yanahusu kamera ya maana ya kwanza, na jinsi inavyobadilisha lugha ya wale wanaouza kamera ya maana ya pili.

Katika Soko la Toi, pembezoni mwa Kibera, na vilevile Kawangware, wafanyabiashara wengi sasa hujirekodi kwa rununu wakitangaza bidhaa zao. Video ya dakika moja huwekwa TikTok, Facebook au kwenye WhatsApp. Mteja aliye Kitengela au Kisumu huitazama, hulipa kwa M-Pesa, kisha mzigo hutumwa kwa matatu. Mteja huyu hulipa kabla ya kugusa kitambaa wala kupima kiatu. Kitu pekee alicho nacho cha kumwamini muuzaji ni picha na maneno. Maneno yakimtia shaka, hela hubaki kwenye simu yake.

Nimesimama katika vibanda vya masoko haya mawili, na nimetazama video zao si haba. Nilichokibaini ni kwamba muuzaji yuleyule huwa na lugha mbili. Mama anayeuza magauni Toi humwambia mpita njia: "Mathee, kuja uguse hii. Ni pamba tupu, haitoki rangi. Leta soo tano twende." Kijana wa viatu Kawangware husema: "Bro, weka mguu hapa. Angalia soli, haijalika." Rununu ikiwashwa, mambo hugeuka: "Hamjambo watazamaji wapendwa. Mimi ni mfanyabiashara ambaye ninajihusisha na uuzaji wa mavazi ya hali ya juu." Wengine hukimbilia Kiingereza cha ofisini. Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari. Hata hivyo, aliyekuwa akicheka na wateja haonekani tena. Mikono imeganda, macho yanasoma ukutani.

Kwa nini? Isimujamii ina majibu, nami nitataja mawili.

Mwanaisimu Mmarekani William Labov alieleza kitendawili cha mtafiti: tunataka kujua watu huzungumza vipi wasipochunguzwa, lakini hatuwezi kujua bila kuwachunguza. Alionyesha kwamba kadiri mtu anavyojisikiliza anapozungumza, ndivyo anavyosogea kwenye lugha rasmi. Katika mahojiano yake jijini New York, aliwauliza watu iwapo waliwahi kukaribia kufa. Waliposimulia kisa hicho, fikira zao zilihamia kwenye kisa chenyewe na usemi wao wa kawaida ukajitokeza. Funzo kwa muuzaji ni kwamba umakini wake uwe kwenye gauni, si kwenye ulimi wake.

Jibu la pili ni la Allan Bell. Mwaka 1984, alichapisha makala yaliyotokana na utafiti wa redio nchini New Zealand. Aligundua kwamba wasomaji walewale wa habari walibadilisha matamshi kulingana na kituo walichokisomea, kwani kila kituo kilikuwa na wasikilizaji wa aina yake. Hitimisho lake ni kwamba mtindo wa lugha huongozwa hasa na hadhira. Basi tujiulize: muuzaji wa Kawangware anapotazama lenzi, anamwona nani? Aghalabu humwona mwalimu wake wa insha, au mtangazaji wa habari za saa moja. Hamwoni mnunuzi wa viatu.

Wasomaji wa fasihi simulizi watatambua jambo jingine. Fanani akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" Hadhira isipoitika, hadithi haianzi. Biashara ya sokoni nayo ni majibizano: mteja hushusha bei, muuzaji hulalamika, wote hucheka. Lenzi haiitiki. Muuzaji amenyang'anywa nusu ya mazungumzo, kisha anatarajiwa kuzungumza kana kwamba hakuna kilichopungua.

Tiba ya kwanza, basi, ni kurejesha nusu hiyo. Mwombe rafiki asimame karibu kabisa na simu na aulize anayouliza mteja: "Hii ni ngapi? Iko saizi gani? Imeshonwa?" Mjibu yeye huku ukitazama lenzi. Unapoonyesha bidhaa, itazame bidhaa. Macho ya mtazamaji yatafuata yako.

Pili, chagua nafsi ya umoja. "Ukivaa hii kazini" ni tofauti na "Mkivaa hii kazini." Video huweza kutazamwa na maelfu, lakini kila mmoja huitazama peke yake, simu kiganjani. Kiambishi 'u-' humfikia yeye, ilhali 'm-' huhutubia mkutano.

Tatu, usikariri hotuba. Kariri mambo matatu tu: bidhaa ni ipi, bei ni ngapi, unapatikana wapi. Mengine yaseme jinsi unavyoyasema kila siku. Lugha ya kuandikwa hupenda virejeshi vya 'amba-' na sentensi ndefu. Lugha ya kibandani hutegemea viashiria: hii, hapa, si unaona? Viashiria hivyo huilazimisha mikono kufanya kazi, na mikono ikifanya kazi, mwili hulegea.

Nne, salamu iwe fupi. Utamaduni wetu haukubali kuanza biashara bila salamu, lakini kibandani "Habari yako, mama" hutosha.

Najua kuna watakaosema kwamba ninawahimiza watu kuboronga Kiswahili. La hasha. Isimujamii hutahiniwa katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, na wanafunzi wetu hutaja barabara sifa za sajili ya sokoni: ushawishi, chuku, kuchanganya ndimi, majibizano. Ajabu ni kwamba wakihitimu na kufungua kibanda, huziacha sifa hizo siku ya kurekodi na kutumia sajili ya mtihani. Kiswahili sanifu kina mahali pake, na soko lina lugha yake.

Hata hivyo, uasili si uholela. Sheng, ambayo Chege Githiora aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 2018, hutofautiana mtaa hadi mtaa na maneno yake huchakaa upesi. Video inavuka mipaka ya mtaa. "Soo na finje" itaeleweka Kibera, lakini mnunuzi wa Lamu huenda asijue kwamba ni shilingi 150. Ladha ya maneno iwe ya mtaani, ila bei, vipimo na mahali vitajwe kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakielewa.

Suala hili linapita mauzo. Kwa miaka mingi, Kibera imepigwa picha na wageni. Sehemu ya filamu ya The Constant Gardener (2005) ilipigiwa huko. Katika filamu fupi ya Kibera Kid (2006), watoto wa mtaa waliigiza, lakini mwelekezi alitoka nje. Leo lenzi imo mkononi mwa mkazi mwenyewe, naye ndiye anayeamua dunia imwone vipi. Itakuwa hasara akiipata kamera, kisha aazime sauti ya mtu mwingine.

Kabla ya kuichapisha video yako, fanya jaribio moja. Mpe jirani wa kibandani aisikilize bila kuitazama, umuulize ni nani anayezungumza. Akisita, rekodi tena. Akicheka na kusema, "Si ni wewe huyo!" itume.