Mpunga chini ya maji: kweli au si kweli?

"Mpunga ni mmea wa majini, mafuriko hayaudhuru." Si kweli. Mpunga hutaka maji miguuni, si kichwani. Ukifunikwa wote, aina nyingi hufa baada ya wiki moja hivi.

"Aina inayostahimili mafuriko ni ile inayopigana zaidi na maji." Si kweli, na hapa ndipo penye utamu. Ndani ya maji gesi husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko hewani, hivyo gesi ya ethilini inayotengenezwa na mmea hukwama humohumo. Mpunga wa kawaida ukiihisi hurefuka mbiombio kuutafuta uso wa maji, huku ukiteketeza sukari na wanga wake. Maji yakipungua, nguvu zimekwisha. Mmea unalala chini. FR13A, mpunga wa Odisha nchini India, wenyewe hutulia. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba siri ni jeni SUB1A. Protini yake huamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Wataalamu huziita protini za namna hiyo vipengele vya transkripsheni, na huzipanga kwa koo: NAC, WRKY, MYB, na ERF ambao ndio ukoo wa SUB1A. Amri yake kubwa ni kuizuia jiberelini, homoni ya kurefusha shina, ili akiba isiguswe. Mmea hukaa hivyo hadi wiki mbili, kisha maji yakishuka huchipua upya.

"Jeni za ukoo mmoja hufanya kazi moja." Hata kidogo. SNORKEL1 na SNORKEL2, zilizoelezwa mwaka 2009, ni za ERF vilevile na huamshwa na ethilini hiyohiyo, lakini huusukuma mpunga wa maji marefu urefuke hata sentimita 20 kwa siku. Mbinu zote mbili, kutulia na kurefuka, ziko sahihi, kila moja kwao: mafuriko ya siku chache yanataka subira, ila kwenye maji ya mita kadhaa yanayokaa miezi, mpunga uliotulia ungeozea humo. Ndiyo maana zile orodha ndefu za jeni za ukoo fulani, ambazo majarida hayachoki kuzichapisha, peke yake hazimfai mkulima.

"Jeni ya kinga ikiwashwa muda wote, mmea huwa bora." Nusu kweli. Mpunga uliolazimishwa kuwasha jeni ya kinga DREB1 daima huvumilia ukame, chumvi na baridi, lakini hudumaa hata hali ikiwa nzuri.

"Swarna-Sub1, mpunga wa Swarna wenye SUB1A, ni GMO." Si kweli. Kituo cha utafiti wa mpunga cha IRRI, Ufilipino, kilichavusha Swarna kwa mpunga wenye SUB1A, kikaurudisha uzao wake kwa Swarna kizazi baada ya kizazi, na kuchagua miche kwa alama za DNA. India iliidhinisha mbegu hiyo mwaka 2009.

"Jeni ya mafuriko haina maana wakati wa ukame." Si kweli. Utafiti wa 2011 ulionyesha mimea yenye SUB1A ikichipua vizuri zaidi baada ya kukaushwa. Lakini mbegu ikizama kabla ya kuota, SUB1A haiiokoi; hiyo ni kazi ya jeni nyingine.