Uonevu wa Mtandaoni na Unyanyapaa wa VVU katika Jamii za Vijijini: Mfano wa Lugarawa, Mkoani Njombe

Mijadala mingi kuhusu uonevu wa mtandaoni humchukulia mwonevu kuwa mtu asiyejulikana, aliyejificha nyuma ya jina bandia. Katika kata kama Lugarawa, wilayani Ludewa, hali huwa tofauti. Wanaosoma ujumbe katika kikundi cha WhatsApp ndio hao hao wanaokutana sokoni, kanisani na katika vikao vya vikoba. Dhihaka iliyoanzia kwenye simu huendelea kwa macho na minong'ono. Ushauri wa kumzuia mtumaji haumfai sana mhanga, kwa kuwa majirani hawazuiliki.

Madhara hayo hudhihirika zaidi pale dhihaka inapohusu VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulibainisha kuwa maambukizi miongoni mwa watu wazima mkoani Njombe yalikuwa asilimia 12.7, ilhali wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.4. Kwa maneno mengine, takribani mtu mzima mmoja kati ya wanane mkoani humo anaishi na VVU. Dawa za kufubaza virusi hutumiwa kila siku, maisha yote. Picha ya mtu aliyesimama kwenye foleni ya kliniki, ikisindikizwa na maneno machache ya mzaha, yaweza kumfanya aache kuhudhuria, au asafiri hadi Njombe mjini kufuata dawa mahali asipojulikana. Nauli ikikosekana, dawa hukatizwa, na virusi huongezeka mwilini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo, kifungu hicho kinamlenga anayemtumia ujumbe mhanga mwenyewe, wakati katika kikundi ujumbe humhusu mhanga lakini hutumwa kwa wengine. Kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo, nacho hakitoshi, kwani hali ya afya iliyofichuliwa yaweza kuwa ya kweli. Kinga iliyo karibu zaidi imo katika sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, inayokataza kumnyanyapaa mtu kwa hali yake ya VVU, iwe ya kweli au ya kudhaniwa.

Inadhihirika, basi, kuwa kiini cha madhara si mtunzi wa ujumbe peke yake. Kila anayeusambaza humpunguzia mhanga mahali pa kwenda bila kutazamwa. Elimu ya umma ikimlenga mtunzi tu na kumsahau msambazaji, haitapunguza madhara hayo.